Koti la Mzee Elius

Remmy alikuwa na msemo wake: dawati la burudani halilii. Kulia ni kazi ya watu wa habari, wale wa mwisho wa korido, wenye ajali zao na mafuriko yao na bei ya mbolea. Msemo huo aliusema siku ya kwanza Anneth alipofika kituoni na barua ya chuo mkononi, akausema tena wiki ya pili, na wiki ya tatu akauandika kwa kalamu nene kwenye ubao mweupe na kuuzungushia duara. Mtu akikuonya mara tatu hivyo, na bado ukampelekea msiba wa kwenu kwa mikono yako, basi sehemu ya lawama ni yako. Anneth aliijua sehemu hiyo. Ndiyo iliyomchoma kuliko zote.

Kituo kilikuwa Njombe mjini, ghorofa ya pili, juu ya duka la pembejeo, na ngazi zake zilinuka dawa ya viazi kutoka chini hadi juu. Studio moja, kamera tatu, na katika hizo tatu moja ilikuwa pambo. Kipindi cha burudani kiliitwa Kiporo cha Moto, kikarushwa kila siku ya kazi saa kumi jioni. Mtangazaji wake alikuwa Remmy, na mkuu wa dawati alikuwa Remmy huyo huyo, mwanamume wa miaka thelathini na kitu aliyetoka Dar es Salaam na viatu vyeupe, akashinda analalamikia baridi ya Njombe kana kwamba wenyeji wameipika makusudi kwa ajili yake.

Anneth Mwalongo alikuwa mtoto wa Kitandililo, Makambako, mwaka wa pili wa stashahada ya uandishi wa habari huko Iringa. Alikuja fildi, mafunzo ya kazini, ya wiki nane. Alidhani atashika maikrofoni, akashikishwa birika. Wiki ya kwanza alichemsha chai ya watu kumi na mmoja na kujifunza nani anatia tangawizi na nani anatia makelele. Wiki ya pili akapandishwa cheo: akapewa maandishi.

Maandishi ni ule mstari unaotembea chini ya kioo cha televisheni wakati kipindi kinaendelea: salamu za watazamaji, pongezi za ndoa, tamasha la Jumamosi, nani kaachana na nani. Kiti cha maandishi kilikuwa kwenye chumba cha mitambo, pembeni ya Mika, fundi mpole wa Kipangwa kutoka Ludewa aliyefanya kazi na kofia ya sufu masikioni. Unaandika, unabonyeza, mstari unaondoka. Hakuna aliyekagua. Kioo ambacho Remmy alijitazamia mle studio kilionyesha picha kabla maandishi hayajawekwa, na kwa vyovyote Remmy kwenye kioo kile alitazama nywele zake tu. Safari moja Anneth alimpongeza bwana harusi kwa jina la baba mkwe siku tatu mfululizo, na pale ofisini hakuna aliyejua mpaka bibi harusi alipopiga simu.

"Usidharau kiti hicho," Mika alimwambia siku ile, akicheka taratibu. "Nenda stendi, nenda saluni, nenda kwa mama lishe. Televisheni iko juu, sauti wamezima. Remmy anapiga kelele mle ndani, watu wanakusoma wewe."

Anneth alicheka naye, neno likapita. Lakini halikupita mbali.

Wiki ya tatu babu yake, mzee Elius Mwalongo, alifariki, na Anneth akaomba ruhusa ya siku mbili kwenda kuzika.

Sasa hapa lazima aelezwe Bibi Oliva, maana bila yeye hakuna kisa. Bibi Oliva Komba ni Mngoni. Aliletwa Makambako kama mke miaka mingi iliyopita kutoka upande wa Songea, mume akafa, yeye akabaki, akauza maharage sokoni. Wangoni na Wabena, kabila la mzee Elius, ni watani. Mababu zao walipigana wakachoka, wakawaachia watoto wao ruhusa ya kutukanana. Na Bibi Oliva na mzee Elius waliitumia ruhusa hiyo yote. Kila siku ya soko, miaka arobaini, mzee alipita kwenye meza yake kumwambia maharage yake yana wadudu wanene kuliko yeye, na Bibi Oliva akamwambia apishe, uso wake unafukuza wateja. Mzee alipolazwa, wa kwanza kufika wodini na uji alikuwa Bibi Oliva. Uji wenyewe alimpa akimwambia afe haraka, kitanda kinatakiwa na wenye faida.

Siku ya mazishi alifanya kazi ya mtani kama inavyopasa. Alivaa koti la marehemu, lile kubwa la kaki ambalo mzee hakulivua toka Mei hadi Agosti. Akavaa kofia yake. Akashika fimbo yake, akatembea mwendo wake wa kuburura mguu wa kushoto, akakohoa kikohozi chake kile cha mara mbili fupi na moja ndefu, mpaka watoto wakashtuka. Na jeneza lilipotoka uani akajitupa chini katikati ya njia, chali, mikono na miguu imetawanyika.

"Hapiti!" alipiga kelele. "Elius, unakimbilia wapi? Jembe langu uliloazima mwaka ule liko wapi? Unakwenda kulimia mbinguni na jembe la watu?"

Watu walicheka. Bibi Hulda, mjane, ambaye kwa siku mbili hakuwa amemeza hata maji, hakutoa chozi wala neno, alicheka hadi akapiga magoti, na kicheko kikageuka kilio, akalia vizuri, kilio cha kumtua mtu mzigo. Hiyo ndiyo kazi ya mtani. Haifanywi na mchungaji wala na dawa ya hospitali. Anneth alikuwa amesimama karibu na mgomba, simu mkononi, akarekodi dakika moja na nusu.

Na kwao kuna sharti: nguo za marehemu alizovaa mtani siku ya mazishi anaondoka nazo. Anakaa nazo mpaka siku ya kuanua tanga, halafu anazileta akiwa amezivaa, anamwigiza marehemu kwa mara ya mwisho mbele ya mjane, anazivua na kumkabidhi. Hapo ndipo marehemu anapokuwa ameondoka nyumbani. Mtani asipokuja, tanga halijaanuliwa, hata kama mtakula mchele gunia zima.

Jumanne Anneth alirudi kazini. Kwenye kikao cha asubuhi Remmy akauliza nani ana kitu kipya, na watu wote wakatazama meza. Wiki tatu msichana ameshika birika na maandishi. Wiki tatu anaitwa "dada wa fildi" kana kwamba hakubatizwa. Akanyoosha mkono.

"Nina wazo kuhusu utani," alisema. "Watani misibani. Vijana wengi hawaelewi maana yake. Nina picha za msiba wa babu yangu, naweza kuwahoji wazee, hata huyo bibi mwenyewe atakubali."

Remmy aliitazama ile video mara mbili. Macho yakamng'aa.

"Dada Anneth," alisema, na ndiyo mara ya kwanza alitaja jina lake, "hii ni dhahabu. Iweke kwenye kompyuta ya dawati."

Akaiweka. Kwa furaha kabisa akaiweka. Alikwenda mezani kwake akaanza kuandika maswali ya kumuuliza Bibi Oliva, akafikisha kumi na manne.

Alhamisi saa kumi na dakika ishirini, akiwa amekaa kwenye kiti chake cha maandishi anamtakia mtu wa Wanging'ombe heri ya kuzaliwa, alimwona babu yake kwenye kioo.

Zilikuwa sekunde ishirini na mbili. Sauti ya Bibi Oliva ilikuwa imekatwa yote: hakuna Elius, hakuna jembe, hakuna mtani. Mahali pake wameweka ngoma ya singeli. Kilichobaki ni kikongwe mwenye koti la kiume anayepepesuka, anaanguka njiani, anatupa miguu. Juu yake wameandika kwa herufi nyekundu: BIBI CHAPOMBE AZUIA JENEZA. Na jeneza, jeneza la mzee Elius alilochongewa na wanawe, walilichezesha kwa kompyuta, kushoto, kulia, kushoto, lifuate mdundo.

"Jamani pombe ya ulanzi ya Makambako!" Remmy alikuwa anajipiga mapaja mle studio. "Ulanzi wa Makambako si wa kuchezea!"

Anneth hakulia. Vidole vyake vilisimama juu ya vitufe, na mtu wa Wanging'ombe akakosa nusu ya jina lake.

Alimkamata Remmy kwenye korido kipindi kilipokwisha.

"Yule bibi hakulewa, kaka Remmy. Yule ni mtani. Nilikueleza Jumanne. Umekata sauti yake!"

"Najua ni mtani," Remmy alisema, akifuta poda usoni kwa karatasi. "Unadhani kwetu hakuna watani? Babu yangu mwenyewe watani walimkalia juu ya kaburi. Lakini mtani ni wa nani? Wa mtu wa Makambako. Chapombe ni wa nchi nzima. Mpaka jioni hii utaona."

Ndiyo maneno yaliyomkaa Anneth kifuani kama ugali mbichi. Angekuwa hajui, angemfundisha. Ujinga una dawa. Huyu alijua vizuri kabisa, na mkasi akaushika.

Na kweli, hadi usiku mtandaoni walikuwa wametazama watu laki tatu na nusu.

Jumamosi Anneth alishuka Makambako. Upepo wa pale ulikuwa umebeba vumbi la njia panda yote, magari ya Songea na ya Mbeya yanapishana, na sokoni, hatua chache kabla ya meza ya maharage, akawakuta wavulana watano wa shule wanapepesuka kwa zamu na kuanguka kwenye vumbi. Mmoja alikuwa anarekodi. "Chapombe, tuonyeshe!" walikuwa wanaita. Meza ilikuwa imefunikwa turubai. Bibi Oliva hakuwepo.

Alimkuta kwake, amekaa kwenye kigoda jikoni, anachambua maharage ambayo yalikwisha kuchambuliwa.

"Kamwene, bibi," Anneth alimsalimu.

"Kamwene." Hakunyanyua uso. "Naona wajukuu wa Elius mmejua kulipa. Mtani nimemzika babu yenu, ninyi mmenizika mimi. Tuko sawa."

Ungekuwa utani, Anneth angejibu. Haikuwa na utani sauti ile.

"Bibi, nisamehe. Ni mimi niliyewapa ile picha. Nilitaka waeleze..."

"Mimi pombe sijaigusa tangu nizaliwe. Baba yangu ilimuua, nikaapa." Bibi Oliva alitupa punje nzuri kana kwamba ni mbaya. "Jana nimetoka kwenye sala, mwanamke mwenzangu wa jumuiya ananivuta pembeni, ananiambia Oliva, kama una shida sema tukuombee. Miaka arobaini tunasali benchi moja! Wanangu wamepiga simu toka Songea wanauliza mama umeanza lini."

Akanyoosha kidole ukutani. Kwenye msumari lilining'inia koti la kaki, na kofia juu yake.

"Lile pale. Libebe umpelekee bibi yako. Jumamosi ijayo mimi siji."

"Bibi, usipokuja tanga haliondoki. Bibi Hulda hajacheka tena tangu siku ile. Anakaa mlangoni anasikiliza kikohozi. Anasema mzee bado yuko uani."

Hapo mikono ya Bibi Oliva ilisimama kidogo juu ya ungo, kisha ikaendelea.

"Kwa mdomo ule ule walionisema chapombe, waseme si kweli. Kwenye televisheni ile ile. Nikisikia, nitakuja. Nisiposikia, Hulda anisamehe."

Koti Anneth hakulichukua. Aliliacha kwenye msumari na kurudi Njombe na neno lake moja: waseme si kweli.

Nyumbani Kitandililo baba yake mkubwa, Jacob, alikuwa amekwisha kumwambia lake. "Mchuma janga hula na wa kwao," alisema, hakuongeza kitu, akaenda kupasua kuni. Angempiga ingekuwa nafuu.

Jumatatu alimwomba Remmy dakika moja tu ya kipindi. Remmy akasema kipindi kimejaa. Jumanne akamwomba sekunde ishirini na mbili, zile zile alizozitumia kumchafua. Remmy akasema dawati la burudani halijawahi kuomba radhi tangu dunia iumbwe, likianza leo litaomba mpaka kesho kutwa. Jumatano Anneth alipanda kwa mkurugenzi, akasubiri kwenye benchi kuanzia asubuhi, na mkurugenzi alipotoka akamwambia fuata ngazi, binti, mkuu wako ni Remmy. Alhamisi Remmy akamwita mwenyewe. Mkononi alikuwa na daftari lake la fildi, lile ambalo bila sahihi ya msimamizi chuo hakikuhesabii hata siku moja.

"Ijumaa ya wiki ijayo nasaini haya madaftari," alisema. "Una akili, Anneth. Usiniharibie mkono wa kusaini. Na huyo bibi yako akipenda mwambie aje studio, tumpe na kofia yake, acheze mubashara. Watu wanamtaka."

Anneth alimtazama. Alitazama viatu vile vyeupe, na karatasi yenye poda, na ubao ulioandikwa HALILII ndani ya duara. Hasira ya wiki nzima, ambayo mpaka hapo ilikuwa inamzungusha kichwa, ikatulia, ikawa nzito na baridi, na akajua anakwenda kufanya nini.

"Sawa, kaka," alijibu.

Ijumaa saa kumi kamili muziki wa Kiporo cha Moto ulipoanza, Anneth alikuwa kwenye kiti cha maandishi amekwisha kuandika yote, mstari kwa mstari, kila mstari umepimwa usikatike. Akabonyeza.

BIBI TULIYEMWONYESHA ALHAMISI ILIYOPITA AKIZUIA JENEZA HAKUWA AMELEWA. HAJAWAHI KUNYWA POMBE MAISHANI MWAKE.

NI MTANI WA MAREHEMU. ALIKUWA ANAMZIKA MTANI WAKE KWA HESHIMA ZOTE ZA MILA.

KIPINDI HIKI KILIKATA SAUTI YAKE MAKUSUDI, KIKIJUA. ALICHOKUWA ANASEMA NI: ELIUS, UNAKIMBILIA WAPI? JEMBE LANGU LIKO WAPI?

ALIYEILETA PICHA STUDIO NI MIMI, ANNETH MWALONGO, MJUKUU WA MAREHEMU. BIBI, TUMEKUKOSEA.

Kisha tena kutoka mwanzo. Kisha tena. Juu ya maneno hayo Remmy alikuwa anasimulia msanii fulani na nguo yake ya ndani, anajipiga mapaja, haoni kitu. Mika alisoma mstari wa kwanza. Akasoma wa pili. Akaivuta kofia yake ya sufu mpaka kwenye nyusi.

"Mimi leo macho yananiuma," alisema. "Sioni vizuri hata kidogo."

Ilipita dakika kumi na sita. Kwenye tangazo la kwanza Remmy alifungua simu yake, na mtu alikuwa amemtumia picha ya televisheni ya baa, maandishi yote yanasomeka. Alikuja mbio mpaka waya wa maikrofoni ukakatika.

"Toa! Toa huo upuuzi! Wewe mtoto una wazimu?"

"Umesema kipindi kimejaa," Anneth alisema. "Nimeona huku chini pana nafasi."

"Mimi nimekupa kazi! Nimekufundisha!"

"Umenifundisha kuchemsha chai, na chai nilikuwa naijua. Umekata sauti ya mwanamke mzima ukaweka ngoma. Umemchezesha babu yangu ndani ya jeneza! Babu yangu! Ungekuwa na haya hata ya kuazima usingenitazama usoni."

Watu wa habari walikuwa wametoka korido nzima, wamesimama mlangoni. Simu ya mezani ililia, ikapokewa, ikalia tena. Remmy alilichukua daftari la fildi, akaandika pale pale, amesimama, kalamu inachana karatasi, akamtupia kifuani.

Alilisoma kwenye ngazi, katikati ya harufu ya dawa ya viazi. *Mwanafunzi huyu ni hatari kwa chombo chochote cha habari.* Chini yake sahihi. Wiki tano alikuwa akiisubiri sahihi ile. Alilitia daftari kwenye mfuko, akashuka kutafuta gari la Makambako.

Jumamosi watu walijaa Kitandililo. Kwaya ya usharika ikaimba, mchungaji akasali, wali ukapakuliwa. Bibi Hulda alikaa kwenye mkeka mlangoni, kitenge kimeshuka hadi kwenye nyusi, hagusi chakula. Kila mtu alitazama njia na kujifanya hatazami.

Saa nane hivi kikohozi kikasikika nyuma ya nyumba. Mara mbili fupi, moja ndefu.

Bibi Oliva alitokeza kwenye kona akiwa na koti la kaki na kofia na fimbo, mguu wa kushoto anauburura. Alikuwa ameyasoma maandishi ya Ijumaa. Aliyasoma kwa mama lishe wa sokoni, yeye na soko zima, akaamuru mstari usomwe kwa sauti mara tatu. Bibi Hulda aliinua kitenge. Mdomo wake ulianza kufunguka.

Na simu zikainuka.

Si moja wala mbili. Za vijana wa mjini, za wanakwaya, za wajomba, hata ya baba mkubwa Jacob. Msichana mmoja wa upande wa kwaya alimnong'oneza mwenzake kwa sauti ya wote kusikia, "Ndiye yule wa televisheni, jamani, vuta karibu." Wengine walikuwa wanatabasamu tayari, wanangoja aanguke.

Bibi Oliva alisimama. Mguu wa kushoto ukanyooka, mgongo ukanyooka. Akavua kofia, akaishika kwa mikono miwili mbele yake kama mgeni yeyote aliyekuja kutoa pole, akaanza kufungua vifungo vya koti kimya kimya, cha kwanza, cha pili. Mdomo wa Bibi Hulda ulifungika tena.

Hapo Anneth alihisi yote yanapanda upya. Laki tatu na nusu wale hakuwajua. Hawa ni ndugu zake, wamekula wali wa msiba, na radhi wameisoma! Aliunyakua ungo uliokuwa umeegemea ukuta wa jiko, akamwaga pumba zake chini, akaingia katikati ya watu.

"Simu humu," alisema.

Watu wakacheka, wakidhani naye ameanza utani.

"Simu humu! Hapa hakuna kipindi! Bibi yangu amefiwa, mnataka nini tena? Baba mkubwa, weka. Weka, shikamoo, weka!"

Jacob aliduwaa. Halafu uso ukamshuka, akaiweka. Baada ya Jacob hakuna aliyekuwa na ubavu wa kukataa. Wanakwaya wakaweka, wajomba wakaweka, yule msichana akaweka akisonya. Ungo ukawa mzito hadi ukampinda viganja. Anneth aliubeba mpaka mbele ya Bibi Oliva, akihema, amejiona amemaliza kazi.

Bibi Oliva aliutazama ungo, kisha akamtazama yeye.

"Na yako," alisema.

Ilikuwa mfukoni mwa sketi yake. Ndani yake kulikuwa na dakika moja na nusu nzima, yenye sauti, jembe na kila kitu, ambayo hakuwa amemwonyesha mtu tena wala hakuwa na moyo wa kuifuta. Uso ulimwaka moto mbele ya watu wote. Aliitoa, akaiweka juu ya zile nyingine, akaupeleka ungo ndani na kufunga mlango.

Aliporudi, Bibi Oliva alikuwa amefunga tena vifungo vya koti. Alivaa kofia. Akaburura mguu hadi kwenye mkeka, akamwinamia mjane, akakohoa, mbili fupi, moja ndefu.

"Hulda," alisema kwa sauti ya mzee Elius, "jembe la yule Mngoni lilivunjika. Nililificha darini. Usimwambie."

Bibi Hulda alicheka mpaka kitenge kikamdondoka. Anneth alisimama kwenye mlango wa jiko, mikono mitupu, akatazama kwa macho yake tu.